Kuta za Bayeye na Majalada ya Hans Cory

Bayeye ni chama cha waganga na wachezaji wa nyoka katika Usukuma, na kwa muda mrefu elimu yao ilifundishwa ndani ya nyumba. Mwanachama mpya aliingizwa chumbani akakuta kuta zimechorwa kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi. Wakubwa wa chama wakamweleza mchoro mmoja baada ya mwingine: habari za nyoka, za mizimu, za waasisi wa chama. Kwa kuwa michoro ilikuwa upande wa ndani, mpita njia hakuona kitu. Kuta hizo ndizo zilizokuwa msahafu wa Bayeye, na kasoro yake ni moja tu. Nyumba ya miti na udongo haikai miaka mingi. Paa likivuja masika mbili tatu, rangi hutiririka, na ukuta ukianguka hakuna wa kuusimamisha tena na michoro yake.

Katika ukanda unaoanzia Shinyanga hadi Mwanza na kuvuka kwenda Uzinza, eneo ambalo tangu 2012 sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Geita, imani nyingi zilihifadhiwa kwa njia kama hiyo. Waswezi walikuwa na chama chao na ibada zao za mizimu. Watemi, yaani machifu, walikuwa na taratibu za kutawazwa, za kuomba mvua na za kuzikwa. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, hawakuwasha tanuru bila dawa na miiko yake. Yote haya yalikaa vichwani, mikononi na katika vyombo: ngoma, viti, vibuyu, hirizi. Hayakuandikwa.

Kutoandika si dalili ya uzembe wa kuhifadhi. Wahindu waliikariri Rigveda kwa karne nyingi, mwalimu akimsomesha mwanafunzi neno kwa neno, kabla haijaandikwa. Leo Taasisi ya Bhandarkar iliyoanzishwa mwaka 1917 huko Pune, India, inatunza miswada 30 ya Rigveda, mmoja wao ukiwa umeandikwa juu ya magome ya mti, na mwaka 2007 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Tofauti ya Pune na Usukuma ni kwamba kule walioandika walikuwa wenye dini wenyewe. Huku kalamu ilishikwa na mgeni.

Maandishi ya dini ya kwanza kuchapwa katika ukanda huu hayakuwa ya Kisukuma wala ya Kizinza. Mwaka 1887 mmisionari Mskoti Alexander Mackay, fundi mitambo wa Church Missionary Society, alifukuzwa Buganda akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko aliendelea kutafsiri Injili kwa Kiganda na kuchapa kurasa kwa ajili ya waumini aliowaacha ng'ambo ya ziwa. Msafiri H. M. Stanley alipopita mwaka 1889, alikuta nyumba ya udongo yenye rafu zilizosheheni vitabu. Mackay alikufa kwa homa Februari 1890. Mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala, mwaka 1927, na kumbukumbu za jumuiya yake ya kimisionari zinasomwa leo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Usambiro yenyewe haikubaki na rafu hata moja. Mtindo huo wa kuhifadhi kitu kwa kukiondoa kilipozaliwa ungejirudia.

Aliyezifikisha kuta za Bayeye kwenye karatasi ni Hans Cory. Alizaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Hans Koritschoner, akaja Tanganyika, na hatimaye serikali ya Waingereza ikamwajiri kuwa mtaalamu wake wa mila na desturi. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika Jimbo la Ziwa. Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu Bayeye katika jarida la Africa. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kuhusu ibada za mtemi wa Kisukuma, mwaka 1953 kitabu cha sheria na mila za Wasukuma, na mwaka huohuo, London, kitabu cha michoro ya ukutani ya wachezaji wa nyoka. Mwaka 1955 akaandika kuhusu Waswezi. Mbali na karatasi alikusanya sanamu za udongo zilizotumika katika unyago na jando, ambazo ziliingia Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam.

Kazi hiyo inastahili kusomwa kwa heshima na kwa tahadhari. Cory alikuwa mtumishi wa serikali iliyotaka kutawala kupitia watemi, na serikali ilihitaji mila zinazoweza kutumika mahakamani. Ndiyo maana sheria za Wasukuma kitabuni mwake zimepangwa kwa aya zenye namba, kana kwamba wazee wa himaya za Nera na Shinyanga walikaa wakatunga kanuni kwa pamoja. Jambo lililokuwa likijadiliwa upya kila kesi ilipoletwa barazani liligeuka kuwa kifungu. Katika michoro ya Bayeye hatari hiyo ni ndogo zaidi, kwa sababu picha iliyonakiliwa hubaki na mambo ambayo mnakili mwenyewe hakuyaelewa, na msomaji wa baadaye anaweza kuyaona.

Cory alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata sheria ya nchi huru iliondoa utawala wa machifu, na watemi wakabaki bila dola. Ngoma zao na viti vyao vilikosa kazi ya hadharani, na vijana waliokuwa warithi wa taratibu za kutawazwa hawakuwa na sababu ya kujifunza. Kwa ibada nyingi alizoziandika Cory, maelezo yake yakawa ya mwisho kukusanywa wakati mtemi bado anatawala.

Karatasi zake zilipelekwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Hapo Mkusanyo wa Cory ulikaa katika kitengo cha Afrika Mashariki, na tangu wakati huo wanahistoria wa Kanda ya Ziwa wamekuwa wakiutaja kwa namba za majalada yake. Mwaka 2018 ilifunguliwa hapo maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China.

Kutunza karatasi za miaka ya 1930 hadi 1950 katika mji wa pwani ni kazi ya kila siku. Karatasi za viwanda za wakati ule zina asidi ndani yake. Hugeuka rangi ya kahawia na kukatika kwenye mikunjo. Nakala za kaboni huandikwa juu ya karatasi laini ambayo vidole huichafua upesi. Pini na vibanio vya chuma huliwa na kutu, kutu nayo ikatoboa ukurasa. Unyevunyevu huleta ukungu. Mchwa na mende hawachagui. Dawa yake inajulikana: kung'oa chuma chote, kulaza karatasi katika masanduku yasiyo na asidi, kupunguza unyevu na mwanga, na kupiga picha za kila ukurasa ili msomaji apewe nakala badala ya jalada lenyewe. Yote yanahitaji umeme usiokatika na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kanda ya Ziwa nayo haikukaa mikono mitupu. Huko Bujora, karibu na Kisesa, padre Mkanada David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha katika miaka ya 1950 kituo ambacho baadaye kilikuwa Makumbusho ya Wasukuma. Ngoma na viti vya watemi vilipata makao, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikapewa jengo lao. Altare ya kanisa la Bujora ina umbo la kiti cha mtemi, na mashindano ya ngoma ya Bulabo yakafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Katika Jimbo Katoliki la Shinyanga, kamati ya utafiti ya Ndoleleji ilikusanya methali, hadithi na nyimbo za Kisukuma ikisaidiwa na padre wa shirika la Maryknoll, Don Sybertz. Yeye na Joseph Healey walizitumia katika kitabu chao cha teolojia cha mwaka 1996.

Hata hivyo mkazi wa Katoro, mkoani Geita, anayetaka kuona jalada la Cory bado anakabiliwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mlimani, kisha utaratibu wa kibali. Na akifika atakutana na swali ambalo kanuni za maktaba hazikuandikwa kulijibu. Bayeye walifundisha michoro yao kwa aliyeingizwa chamani peke yake, baada ya ada na kiapo. Tangu mwaka 1953 michoro hiyo inafunguliwa na yeyote mwenye kitabu, na wajukuu wa waliomwonyesha Cory kuta zao, wengine bado wakicheza na chatu kwenye viwanja vya Bujora, hawana sauti rasmi katika kuamua ukurasa upi uoneshwe na upi ufunikwe.