Fimbo Tatu za Koitalel na Urithi wa Nyumba Zetu

Ukitoka Kericho kwenda Bomet unaona majani chai mpaka macho yachoke. Lakini zao hili si la zamani sana hapa kwetu. Makampuni makubwa ya Waingereza yalianza kulipanda kwa wingi miaka ya 1920. Basi jiulize, kabla ya hapo watu wa nchi hii walikuwa wakirithishana nini?

Anza na kibuyu. Kwa Wakipsigis kinaitwa sotet. Mama hukisafisha, akakisugua ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, kisha akatia maziwa yagande, na hiyo ndiyo mursik. Kazi hii haina kitabu. Binti huijua kwa kukaa karibu na mamake, na mamake vilevile aliijua kwa nyanyake. Kibuyu chaweza kuvunjika, ujuzi ukabaki.

Lakini kuna urithi ukichukuliwa haurudi hivi hivi tu. Sikia kisa cha ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa maorkoiyot, yaani viongozi wa Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei aliongoza Wanandi kuwapinga Waingereza na reli yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi akafa. Fimbo zake tatu za uongozi zikapelekwa Uingereza. Zilirudi Kenya mwaka 2006, zikitolewa na mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Piga hesabu: miaka 101!

Na huku Kericho je? Nduguye Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa kiongozi kwa Wakipsigis. Mwaka 1914 yeye na nduguze walihamishwa kwa nguvu, mbali na watu wao. Halafu mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuwaondoa Talai wa Kericho. Watu zaidi ya 700, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Walikaa huko mpaka Uhuru ukikaribia.

Ona sasa, fimbo zimerudi lakini ardhi bado ni kesi. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa Uingereza juu ya madai ya Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 madai hayo yakafikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Yangefika huko vipi kama wazee wangenyamaza? Karatasi za wakoloni zinataja sheria na tarehe. Ni babu na nyanya waliowaambia wajukuu kilima kipi kilikuwa cha nani, na nani alizikwa wapi.

Madrasa tumefundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Habari za wazee wetu nazo ni amana, na wenyewe ni watoto watakaokuja nyuma yetu.

Kwa hiyo ndugu yangu, Ramadhan hii, watu wakishafuturu na kuswali, zima ile tivii kidogo. Muulize nyanya kile kibuyu au ule msahafu wa zamani ulitoka kwa nani. Andika jina, mahali na mwaka kwenye daftari. Usingoje Idi ipite, maana wazee hawatungoji.