Kompresa na ikwalaiza za valvu zilivyofanya kazi

MWIMBAJI hawezi kunong'ona na kupaza sauti kwa kiwango kimoja, na hapo ndipo kompresa huhitajika. Katika miaka ya 1960, mhandisi Jim Lawrence wa kampuni ya Teletronix, Marekani, alibuni LA-2A, mtambo wa valvu unaotegemea mwanga.

Sehemu ya mkondo wa sauti huwasha kibamba kinachong'aa kulingana na nguvu zake. Mbele ya kibamba hicho mna kikinza ambacho ukinzani wake hupungua kinapomulikwa, kikaumwaga mkondo uliozidi kabla haujafika kwenye valvu za kukuza. Mwanga ukififia, nusu ya nguvu hurejea kwa sekunde 0.06, ilhali nusu nyingine huweza kuchukua hadi sekunde 5. Ulegevu huo, ambao kwenye karatasi ungeonekana kasoro, ndio uliowavutia warekodi.

Ikwalaiza ya Pultec EQP-1A ilifuata njia nyingine: koili na kapasita zilichuja sauti bila kuikuza, kisha valvu zikarejesha nguvu zilizopotea. Besi iliweza kuongezwa na kupunguzwa kwa pamoja.

Anayenunua LA-2A kuukuu akague kibamba kwanza, maana hufifia kadiri kinavyotumika, na kompresa ikashindwa kubana sauti ipasavyo. Aidha, asiifungue ovyo. Valvu huhitaji mamia ya volti, na kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.