Ibn Battuta na Jabali Lililoelea Baharini



Leo tunaweka kando vitambaa na vipimo, tunakuja na historia. Visiwani kwetu ni nadra kukosa hadithi ya kitu kilichoonekana baharini: taa inayotembea juu ya maji, chombo kisicho na watu, kisiwa ambacho jana hakikuwepo. Msimulizi humaliza kwa kusema ameona kwa macho yake mawili, na hapo mazungumzo yamekwisha. Nani atabishana na macho ya mtu? Tumechagua kuwasimulia habari za msafiri mmoja wa Kiislamu aliyeona makubwa kuliko hayo, kisha akawa na ujasiri wa kusema kwamba hana hakika aliona nini.

Msafiri aliyepita kwetu

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, alitoka kwao kwenda Hija, na zaidi ya miaka 20 ikapita kabla hajarudi. Pwani yetu aliifika karibu mwaka 1331. Alitua Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa na kumkuta Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye alimsifu sana kwa ukarimu. Si mtu wa mbali na sisi.

Taa za Maldives

Mwishoni mwa mwaka 1343 alifika visiwa vya Maldives, akafanywa kadhi. Maharusi mtapenda kujua kwamba alisema kuoa huko ni rahisi kwa sababu mahari ni madogo, na yeye mwenyewe alioa huko zaidi ya mara moja. Sisi mafundi tulivutiwa na habari za kamba za makumbi ya nazi za visiwa hivyo, ambazo zilitumika kushonea vyombo vya baharini badala ya kupigilia misumari, kama mitepe ya pwani yetu ilivyokuwa ikishonwa.

Watu wa Maldives walimpa kisa chao cha kusilimu. Zamani, kila mwezi, jini lilitokea baharini kwa sura ya jahazi lililojaa taa. Watu walipiga kura, wakachukua msichana bikira, wakampamba kama biharusi, wakamwacha usiku peke yake kwenye nyumba ya masanamu ufukweni. Asubuhi walimkuta amekufa. Mwezi mmoja kura ikamwangukia binti wa pekee wa bibi kizee. Mgeni kutoka Maghrib, Abul Barakat, akajitolea kwenda badala yake, akasoma Qur'ani usiku kucha, na asubuhi akakutwa mzima. Mfalme akasilimu, na watu wake pamoja naye. Maldives wenyewe wanauweka Uislamu wao mwaka 1153, yaani miaka 190 kabla ya Ibn Battuta kufika. Kisa hicho basi alikisikia tu.

Lakini usiku mmoja alisikia watu wanapiga tahalili na takbira. Akaona watoto wamebeba misahafu vichwani na wanawake wanagonga vyombo vya shaba. Akauliza kuna nini. Wakamwambia atazame bahari. Akatazama, akaona kitu mfano wa jahazi kubwa, kama limejaa taa na mienge. Wakamwambia ndilo lile jini, huja kila mwezi, na wakifanya hivyo huondoka bila ya kudhuru.

Angalieni alivyosimulia. Alichokiona yeye ni kitu mfano wa jahazi lenye mwanga. Jina la jini limetoka midomoni mwa wenyeji, naye akaliacha midomoni mwao. Huenda ilikuwa chombo cha kweli chenye taa. Huenda ni vile viumbe vidogo vya baharini vinavyong'aa maji yakitibuka usiku, ambavyo wavuvi wetu wanavijua vizuri. Huenda ni jambo jengine. Hakuongeza mkia wala macho ya moto.

Jabali linapaa

Kubwa zaidi lilimkuta karibu mwaka 1347, akirudi kutoka China kuelekea Sumatra. Safari ilianza vizuri, kisha upepo ukageuka, mbingu ikafunga, na siku kumi wakakaa hawalioni jua. Wakaingia bahari ambayo hata mabaharia hawakuijua. Wakapotea siku 42.

Siku ya 43, baada ya alfajiri, wakaona jabali baharini, maili kama 20 mbele yao, na upepo unawapeleka huko huko. Mabaharia wakastaajabu, kwani upande ule hawakujua kuwa na jabali lolote. Watu wakaanza kutubia na kuomba dua. Wafanyabiashara wakaweka nadhiri za sadaka kubwa, na Ibn Battuta akawaandikia nadhiri zao kwa mkono wake. Upepo ukatulia kidogo. Jua lilipochomoza, wakaona jabali limepanda hewani, na mwanga unapita baina yake na maji. Mabaharia wakalia na kuagana. Walisema lile si jabali, ni Rukh, yule ndege mkubwa wa hadithi, na akiwaona wameangamia.

Kisha Mwenyezi Mungu akawaletea upepo wa kuwageuza. Tena Ibn Battuta akasema maneno mazito kuliko kisa chote: kwamba hawakumuona ndege huyo wala hawakujua sura yake ya kweli.

Fikirini mtu huyu alikuwa na nafasi gani. Simulizi zake ziliandikwa Morocco na Ibn Juzayy kwa amri ya sultani, na zilikamilika mwaka 1355. Mashahidi wake walikuwa wametawanyika nusu ya dunia. Rukh alikuwa maarufu. Marco Polo alikuwa ameshataja habari zake upande wa Madagascar, naye kwa kusikia tu. Ibn Battuta angeweza kumpa mbawa, makucha na rangi, na watu wangempenda zaidi. Hakufanya hivyo.

Linganisheni na harusi aliyoikuta alipofika Sumatra, ya mtoto wa sultani. Hapo ametueleza mpaka biharusi alivyotoka kwa miguu, wanawake wa heshima kama 40 wakimshikia mkia wa nguo yake, na maharusi walivyolishana tambuu. Alipoona vizuri alisema kwa kirefu. Alipoona kwa shida alisema kidogo.

Macho hufanya kazi vipi

Leo tunaweza kukisia jabali lile lilikuwa nini. Bahari ikiwa baridi na juu yake ikakaa hewa ya joto, mwanga hupinda ukipita baina ya hewa hizo. Kitu cha mbali, hata kilicho chini ya upeo wa macho, huonekana kimenyanyuka, wakati mwengine kimekatika na kinaelea. Ni ndugu wa mazigazi yanayoonekana jangwani na kwenye lami mchana. Suratun Nur imepiga mfano wa mazigazi katika aya ya 39, na aya inayofuata ikapiga mfano wa giza la bahari yenye kina.

Waislamu walilichunguza jambo hili mapema. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, Kitab al-Manadhir. Alionyesha kuwa mwanga hutoka kwenye kitu ukaja jichoni, na akaeleza kwa nini jicho zima hukosea: umbali ukizidi, mwanga ukipungua, au muda wa kutazama ukiwa mfupi. Katika kitabu chengine alifundisha kuwa mtafuta ukweli ajishuku na nafsi yake pia.

Hatusemi kila kisa cha baharini ni uongo. Ibn Battuta aliporudi kwao, watu walinong'ona kuwa ni mwongo kwa aliyoyasimulia ya India. Ibn Khaldun anaeleza kuwa yeye pia alikuwa na shaka, akamwendea waziri mmoja wa sultani. Waziri akamwonya asikatae jambo kwa sababu tu hakuliona, akampa mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani: kila baba yake alipomtajia mnyama, mtoto alidhani ni aina ya panya, kwa kuwa panya ndiye pekee aliyemjua. Hata leo wapo wanahistoria wenye shaka kama Ibn Battuta alifika kote alikotaja. Ila pale anaposema hakujua, ni vigumu kumwita mwongo.

Kwetu sisi wanawake

Tumelileta hapa kwa sababu maneno ya "nimemuona kwa macho yangu" yanavunja posa visiwani kwetu. Binti ameonekana jioni ameshuka gari fulani. Aliyemuona alikuwa mbali, magharibi imeingia, gari limepita mara moja. Kufika asubuhi kitu mfano wa jahazi kimeshakuwa jini, na familia mbili hazisalimiani. Tumeshawahi kukunja shela iliyokwisha kushonwa, mwenyewe asiivae, kwa maneno ya namna hii.

Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilolijua, na inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi kabla hatujasema tumeona, tujiulize: nilikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Nilitazama kwa muda gani? Na jina nililolipa jambo hili, nimelitoa machoni mwangu au kwenye mdomo wa mtu?

Majibu yakiwa dhaifu, inatosha kusema, "Niliona mtu, sikumjua." Asikilizaye atakata hamu, lakini binti wa watu ataolewa kwa amani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ndimi zetu, na awatimizie maharusi wetu kheri. Amin.