Nice: Tusi Lililogeuka Sifa

Katika tendo la nne la Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963, Cassius anamlalamikia Brutus kwamba wakati wa vita si wakati wa kushupalia kila kosa. Kosa lenyewe analiita nice. Anayelijua neno hili kwa maana ya leo atajiuliza: kosa zuri ndilo lipi? Cassius hasifu chochote. Anasema kosa dogo, lisilofaa kuwagombanisha wakubwa wa jeshi.

Asili ya neno ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Wafaransa wa kale wakalifupisha, nalo likabaki kumaanisha mjinga. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ikawa ya watawala, na maneno yake yakamiminika kwenye Kiingereza. Kufikia mnamo 1300, nice lilikuwa limeshaingia, bado likiwa tusi. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa maana hiyohiyo ya upumbavu.

Baada ya hapo lilitangatanga. Liliwahi kumwangukia mpenda anasa, likamwangukia mwenye haya kupita kiasi, hatimaye likatua kwa mteuzi, yule anayeigeuzageuza nyama kwenye sahani kabla ya kuionja. Kwangu hapa ndipo penye uhondo. Mteuzi huona tofauti zisizoonwa na wengine, na ndiyo maana katika karne ya 16 nice likaanza kumaanisha makini na sahihi. Kinachohitaji jicho kali namna hiyo kwa kawaida ni kidogo mno, na kutoka hapo tunaifikia nice ya Cassius. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamekiri kuwa katika mifano mingi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kujua mwandishi alikusudia maana ipi.

Maana ya kupendeza ilishika kasi katika nusu ya pili ya karne ya 18, ikaenea mno hata Jane Austen akaifanyia mzaha katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817. Catherine, mhusika mkuu, anakisifu kitabu kwa neno hilo. Henry Tilney anamtania kwamba siku hizi kila kitu ni nice, ilhali zamani lilihusu unadhifu na ustaarabu. Tilney mwenyewe alikomea katikati ya safari: nyuma ya unadhifu huo kulikuwa na ujinga.

Maana ya umakini haijafa. Iko hai hasa katika Kiingereza cha sheria. Jaji anaposema hoja iliyo mbele yake ni nice, wakili asichekelee kwamba amesifiwa. Ameambiwa kwamba tofauti anayoitegemea ni nyembamba, na itabidi aipambanue.