Mtihani wa Kidato cha Sita (Tanzania)

Mtihani wa Kidato cha Sita ni mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya juu ya sekondari Tanzania, na ndio njia kuu ya kuingia chuo kikuu. Hutungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971.



Mtahiniwa hufanya masomo matatu ya tahasusi, mfano HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), pamoja na Maarifa ya Jumla. Alama huanzia A (80–100) hadi F (0–34).

Hesabu ni mbili. Katika madaraja ya NECTA, A ni pointi 1, hivyo pointi chache ndizo bora. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Mwenye C, D na E hupata daraja la pili kwa pointi 12. Kwa TCU, C na D humpa pointi 5.

Sifa ya chini ya kawaida kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kozi nyingi hudai zaidi. Mwombaji asome mwongozo wa TCU wa mwaka husika kabla ya kuchagua kozi.