Majaji sita, mashamba yetu na kura ya 2027

Ukimwambia mtu wa Malindi kwamba uteuzi wa majaji ni jambo la kuangaliwa wakati wa kupiga kura, atakuuliza: mimi na jaji wapi na wapi? Kura ni ya barabara, maji na basari ya mtoto. Majaji ni mambo ya Nairobi. Mimi nasema sivyo, na ushahidi tunao hapa hapa Barani.

Tukumbushane. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina 41 ya watu wa kuteuliwa majaji. Kifungu cha 166 cha Katiba kinasema Rais huteua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Hakisemi achambue kama mchele. Uhuru akayakalia majina karibu miaka miwili, akidai baadhi yao wana doa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hana hiari katika jambo hilo, bado akakaa. Mmoja akafariki akisubiri.

Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita: Aggrey Muchelule, George Odunga, Weldon Korir na Joel Ngugi, waliokuwa wapandishwe Mahakama ya Rufaa, pamoja na Evans Makori na Judith Omange wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa majaji watano walioizima BBI wiki tatu tu kabla, tarehe 13 Mei. Watu wakasema ni kisasi. Mimi siwezi kusema yote ni BBI, maana majina yalikaliwa kabla hukumu ile haijaandikwa. Lakini kama doa lilikuwepo, mbona halikuonyeshwa? Wale wanne waliendelea kukalia viti vyao vya Mahakama Kuu wakihukumu watu. Hafai Rufaa, lakini Mahakama Kuu anafaa? Hesabu hiyo haitoki.

Sasa yetu. Kati ya wale 40 waliobaki, 20 walikuwa wa Mahakama ya Ardhi. Na sisi ndio watu wa kesi za ardhi. Mtu anaamka asubuhi akuta ua na vigingi kwenye shamba alilozikwa babu yake, na hati iko kwa mtu asiyemjua. Anakwenda kortini, kesi inaahirishwa, mwaka unaisha, mzee aliyekuwa shahidi anakufa na maneno yake. Makori, aliyesubirishwa miaka mitatu, ndiye baadaye aliyekuja kusikiliza kesi za mashamba Malindi. Kesi ngapi zingekuwa zimekwisha?

William Ruto aliwateua wale sita siku aliyoapishwa, 13 Septemba 2022, na makofi yakapigwa. Haki yake. Lakini Januari 2024 naye alikuwa jukwaani akiwashutumu majaji kwamba wanashirikiana na wapinzani kuzuia mipango ya serikali. Basi msiniletee habari za chama gani ni bora.

Na kura zenyewe ziko mikononi mwa majaji hao hao. Magarini mwaka 2022, Harrison Kombe alitangazwa mshindi kwa kura 21 dhidi ya Stanley Kenga. Mahakama Kuu ikaufuta ushindi huo 2023, rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua Mei 2025. Uchaguzi mdogo ukafanyika 27 Novemba 2025, na Kombe akashinda tena. Zaidi ya miaka mitatu kujua mbunge halali ni nani!

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Bunge ndilo linalopitisha bajeti ya mahakama na kumwidhinisha Jaji Mkuu. Kwa hivyo mgombea ubunge akija barazani kwenu, muulizeni: Malindi na Kilifi zina majaji wangapi wa ardhi, na wanatosha? Na rais wa chama chako akikalia majina tena, utasimama wapi? Ajibu kabla hajaanza kugawa leso.