Chango la Mwali Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika vijiji vya Wazaramo vilivyoizunguka Dar es Salaam kabla mji haujavimeza, maumivu ya tumbo yaliyomfika msichana katika siku zake yalihesabiwa kuwa chango, neno linalotaja utumbo mwembamba na minyoo, ambalo wanawake wa pwani wamelipanua likabeba kila msokoto wa tumbo unaohusishwa na uzazi. Msichana aliyevunja ungo, yaani aliyepata hedhi ya kwanza, aliitwa mwali na kuwekwa ndani kwa miezi mingi, zamani hata zaidi ya mwaka, akifundwa na shangazi, bibi na kungwi, na kukabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti iliyo ishara ya uzazi. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyefanya kazi Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika miaka ya 1960, aliyaeleza maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Tiba ya chango haikuwa tata: kukandwa tumbo kwa maji ya moto, tangawizi iliyochemshwa, au mizizi ya mtunguja, mmea wa ndulele, ambao ni ndugu wa bilinganya mwenye sumu ndani yake, na kwa sababu hiyo kipimo kilikuwa elimu kamili, si jambo la kukisia. Tangawizi imepata kuungwa mkono na majaribio ya kitabibu katika nchi mbalimbali, kwani huelekea kupunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazoubana mji wa mimba wakati wa hedhi.

Elimu ya msingi kwa wote ilipoenezwa kuanzia mwaka 1977, kukaa ndani kulifupishwa kukatoshea likizo, na dawa ikahama kutoka mikononi mwa kungwi kwenda kwa wauza mizizi wa Tandika na Kariakoo. Katika hospitali ya Muhimbili, jijini humo, kulikuwa kumekwisha kuanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 ikaunda baraza la kuwasajili waganga. Lakini hasara kubwa zaidi, ambayo sheria haiwezi kuifidia, ni ya jicho la mlezi. Kungwi aliyeshinda na mwali mwezi baada ya mwezi aliona iwapo maumivu yanapungua au yanazidi, ilhali muuzaji humwona msichana mara moja tu, na neno lilelile chango huweza kufunika endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, na ambao hautibiwi kwa tangawizi.